Kioo cha Mlango Kikivunjwa, Kazi Kubwa Imo Ndani ya Mlango

Jumatatu nyingi asubuhi huanza namna moja katika gereji yetu hapa Nakuru: gari linaingia likiwa limezibwa dirisha kwa karatasi ya nailoni, na mwenyewe, ambaye hajapata usingizi tangu aibiwe, ananiuliza kioo kipya ni pesa ngapi na kazi itachukua muda gani. Maswali hayo ni ya haki, lakini lipo jingine zito zaidi ambalo ni nadra kuulizwa, nalo ni vipande vya kioo cha zamani vimekwenda wapi.

Kioo cha mbele cha gari ni tabaka mbili zilizoshikanishwa kwa utando wa plastiki, ndiyo maana hupasuka bila kuporomoka. Cha mlangoni, katika magari mengi tunayoendesha, ni tabaka moja iliyopashwa moto kiwandani hadi zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha ikapozwa ghafla kwa upepo mkali, hata uso wake ukabanwa na kiini chake kikabaki kimevutika. Mwizi akikigonga kwa kitu chenye ncha, nguvu hizo zilizofungiwa hufunguka kwa pamoja na kioo kizima hugeuka punje. Nyingine huanguka kitini, na nyingi sana huteremka ndani ya mlango.

Kwa sababu hiyo, tafadhali usibonyeze swichi ya dirisha hilo, hata kwa kujaribu tu, kwa kuwa punje zilizonasa kwenye reli na kwenye waya wa mashine ya kupandishia kioo zinaweza kuiharibu na kukuongezea gharama. Piga picha kabla ya kufagia chochote, kisha uende kituo cha polisi uandikishe tukio na upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, kwa maana kampuni ya bima itaiulizia. Bima ya kulinda watu wengine pekee haitakulipia kioo chako.

Gari likifika kwangu, ninafungua paneli ya mlango, ninaubandua taratibu utando wa plastiki unaozuia maji, na hapo ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Ninafyonza vipande kwa mashine, ninapangusa mfereji wa mpira ambamo kioo huteleza, kisha ninachunguza vitundu vilivyo chini kabisa ya mlango, vinavyotoa maji ya mvua. Fundi akiharakisha hapa, punje moja iliyobaki mpirani itakwaruza kioo kipya kila kinaposhuka, na vitundu vilivyoziba vitafanya maji yatuame hadi bati lioze. Viti navyo visisahauliwe, hasa kiti cha mtoto, ambacho mikunjo yake na mikanda yake huficha vipande vidogo mno.

Kuhusu kioo chenyewe, sitafuni maneno: sikubali kufunga kioo cha dirisha la nyumba kilichokatwa kwa kipimo cha mlango, hata mteja akinisihi kwamba ni cha bei nafuu. Kioo kilichokwisha kugumishwa kwa moto hakikatiki, kwa hiyo ukiona mtu anakikata mbele yako ili kitoshee, jua kwamba si cha aina hiyo, na siku ya ajali kitavunjika vipande virefu vyenye makali karibu na shingo ya abiria. Nipe nambari ya chesisi badala ya jina la gari peke yake, maana Toyota Fielder iliyotoka kabla ya mwaka 2012 na iliyofuata baada yake hazitumii kioo kimoja, na vioo vya milango ya nyuma mara nyingi huwa na weusi uliotoka kiwandani.

Baada ya kukaza bolti, ninakipandisha na kukishusha mara kadhaa nikisikiliza, na pale ambapo dirisha hujifunga lenyewe ninaliweka upya ili litambue mahali pa kusimama. Kisha ninarudisha ule utando wa plastiki kabla ya paneli, maana asiyeurudisha atamwona mteja wake tena mvua za Aprili zitakapolowesha zulia. Mwisho ninamwagia mlango maji juu ya kioo, ninainama, na silikabidhi gari mpaka niyaone yakitoka chini kupitia vitundu vyote.