Deka sio kitanda cha mtoto wa miaka mitatu, hata ukiweka reli

Natengeneza vitanda Keko, Dar, zikiwemo deka, yaani vitanda vya ghorofa, na Jumamosi iliyopita nimeisikia tena ile kauli, mara mbili kabla hata ya saa sita mchana, kutoka kwa wateja wawili ambao hata hawajuani. "Fundi nitengenezee deka, huyu mdogo ana miaka mitatu na nusu atalala juu, we weka reli tu." Wa kwanza alikuwa mama mmoja, nikamweleza taratibu akaelewa. Wa pili kaka mmoja kaja na picha kwenye simu, huyo nikajikuta naongea kwa sauti mpaka vijana wangu wakaacha kupiga randa. Sasa nimeona niandike yote hapa, mtu akija na picha yake namtumia asome kwanza ndo tuongee bei.

Dhana yenyewe: reli, ule ubao wa pembeni wa kumzuia mtu asidondoke, ikishawekwa mtoto mdogo analala juu bila shida

Hapana. Naelewa inapotokea, chumba kimoja watoto watatu, deka inaokoa nafasi, na wazazi wengi wamelala deka bweni wakatoka salama. Lakini we bweni ulienda una miaka mingapi? Kumi na tatu, kumi na nne. Ulikuwa ukishtuka usiku wa manane unajua uko juu, unatafuta ngazi kwa mguu. Wa miaka mitatu akiamka usiku kabanwa na mkojo hajui hata yuko chumba gani, anasimama anatembea kama yuko chini. Marekani na Ulaya wote wamesema kitu kimoja, chini ya miaka 6 mtoto asilale juu, na hao wana deka zilizopimwa kiwandani kila kona, sio hizi tunazogonga wengine kwa misumari ya inchi tatu halafu tunapaka vanishi.

Halafu hiyo reli yenyewe mnayoitegemea, hebu tuipime. Wamarekani sheria yao ya deka iliyoanza kazi mwaka 2000 inataka reli ipite juu ya godoro kwa inchi 5 angalau. Juu ya GODORO, sio juu ya chaga, zile mbao zinazobeba godoro. Ulaya ni zaidi kidogo, sentimita 16. Sasa mteja ananiambia nitumie godoro la inchi 6, mi namuwekea reli inayosimama inchi 11 kutoka kwenye chaga, anaondoka na kitanda salama kabisa. Miezi minne baadaye anapata hela, ananunua godoro la inchi 10 maana watoto nao walale vizuri. Toa hapo. Reli imebaki inchi moja. Mtoto akijigeuza tu anapita juu yake kama hakuna kitu, na nyumbani kila mtu anaamini kitanda kina reli. Siku hizi kila deka inayotoka kwangu naandika kwa kalamu ya maki kwenye mbao ya kichwani, upande wa ndani, GODORO LISIZIDI INCHI 6. Kuna mteja alinilalamikia kwamba nimemharibia vanishi. Sijaacha kuandika.

Na upande wa ukutani usiniambie niache reli ili kupunguza mbao. Hili nalisikia sana, "fundi huku kuna ukuta, atadondokea wapi". Kitanda kinatembea jamani. Watoto wanaruka, sakafu ni tailizi, wiki mbili tu kimeachana na ukuta kwa upana wa kiganja, na hapo ndo mtoto anateleza akiwa usingizini, anashuka kiwiliwili kichwa kinabaki juu.

Hilo ndo nataka mnielewe kuliko yote. Watu wanaogopa kuanguka, na kuanguka kweli ni kubaya, lakini kinachoua kimya kimya ni pengo. Mtoto mdogo kiuno chake kinapita mahali ambapo kichwa hakipiti. Anatanguliza miguu, anateleza, tumbo linapita, kifua kinapita, kichwa kinagoma, ananing'inia kwa shingo au kidevu, na hawezi kulia kwa sababu hewa haipiti. Wewe chumba cha pili husikii chochote. Ndo maana hizo sheria zinahangaika na matundu kuliko hata urefu. Kwangu kuna kipande cha mninga nimekikata inchi tatu na nusu kamili, karibu sentimita 9, kinaning'inia kwenye msumari pale mlangoni. Kitanda chochote chenye reli kabla hakijapakiwa kwenye guta nakipitisha kile kipande kila mahali, kati ya reli na godoro, kati ya reli na reli, kichwani, miguuni. Kikipita popote, kitanda kinarudi ndani. Hata kitanda cha chini cha deka unapima, sio juu tu. Na fito za kusimama kwa watoto wadogo mi naziachanisha sentimita 6, ukitaka kujaribu nyumbani chukua kopo la soda, lile nene sio jembamba, likipita kati ya fito basi pamezidi.

Kuna kingine ambacho Ulaya hawatakwambia maana kwao sio kawaida kama kwetu. Nilienda Mbagala kufunga deka, nimemaliza kukaza bolti, nikapanda juu kujaribu chaga kama zinabeba. Nimekaa tu, sijasimama, nikasikia upepo kwenye utosi. Panga boi, feni ya darini. Lilikuwa linazunguka spidi ya tatu, nikinyoosha mkono kwenda mbele linanifikia. Mama mwenye nyumba alikuwa ananiletea maji ya kunywa, akaniona nimeinama hivi, akaelewa mwenyewe bila mimi kusema. Tukakihamishia kona ya mbali na bado sikuridhika, nikamuomba azime kabisa mpaka fundi umeme aje kulihamisha, atumie feni ya ukutani. Kwa hiyo kabla hujaagiza deka inua macho kwanza uangalie dari.

Na chaga za juu zifungwe kwa skrubu, kila moja. Zile za kuweka tu juu ya mbao, wa juu akirukaruka zinateleza, na kule chini kuna mwenzake amelala.

Kama lazima deka kwa sababu ya nafasi, basi mkubwa wa miaka saba nane alale juu na mdogo chini, na mchana ngazi itoke. Mi natengeneza ngazi za kuchomoa, haiongezi bei sana.

Dhana nyingine za wateja nazipitia haraka maana hazinichomi kama hiyo.

"Nimnunulie kitanda cha futi nne kwa sita moja kwa moja akue nacho." Upana haumzuii mtoto kudondoka, watoto wanazunguka kama mshale wa saa. Kinachoamua ataumia au hataumia ni anadondokea kutoka urefu gani. Nne kwa sita ya kawaida na godoro lake nene inafika juu ya goti la mtu mzima, kwa mtoto wa miaka miwili hiyo ni kifuani kwake. Ushauri wangu siku zote ni tatu kwa sita ya chini, chaga iwe inchi 7 kutoka sakafuni, godoro la inchi 4 au 5, reli nusu ya urefu upande wa kichwa na huku miguuni pako wazi ashuke mwenyewe. Ukiziba pote atapanda juu ya reli, na hapo umemuongezea urefu wa kudondoka. Akifika miaka sita saba unaniletea nakuongezea miguu, mbao ni ileile.

"Godoro la zamani lipo, tutajazia na blanketi." Umeagiza kitanda cha nne kwa sita una godoro la tatu na nusu, hiyo nusu futi inayobaki pembeni ndo pengo lilelile nililolisema. Blanketi linasogea. Godoro lijae kwenye kitanda, vidole viwili vikiingia pembeni inatosha, ngumi ikiingia badilisha.

"Akifika miaka miwili lazima ahame kile kitanda cha kichanga chenye uzio." Hakuna sheria hiyo. Anahama akianza kupanda uzio, au akifika kama inchi 35 kwa urefu, yaani sentimita 89, hicho ndo kipimo wanachotumia madaktari wa watoto kule Marekani. Kama hapandi na anaenea muache, ukimsubirisha mpaka karibu miaka mitatu anakuwa anaelewa ukimwambia baki kitandani. Ila kama anapanda, hata kama ana mwaka na nusu, usisubiri mshahara. Shusha godoro chini.

Na hapa kuna kitu kinaniuma kidogo. Kuna wazazi wanaona godoro chini ni aibu, wageni watasemaje, wananunua kitanda kirefu haraka haraka ili mtoto asionekane analala chini. Godoro chini kwa miezi michache ni salama kuliko nusu ya vitanda ninavyoviona mtaani. Shida yake ni unyevu tu, hasa sisi wa Dar na sakafu ya simenti, godoro linashika ukungu kwa chini, kwa hiyo kila asubuhi liinue uliegemeze ukutani lipate hewa.

"Mninga ni mgumu kwa hiyo ni salama." Mninga mzuri, naupenda, lakini kona ya mninga isiyopigwa msasa inapasua paji la uso vizuri zaidi kuliko paina. Uliza kona zimeviringishwa, uliza bolti sio misumari. Uliza na rangi, maana wa umri huo anatafuna reli kama muwa, rangi yenye madini ya risasi inaharibu ubongo wa mtoto na haijitangazi. Kiwango kinachopendekezwa ni isizidi sehemu 90 kwa milioni, kopo liwe limeandikwa haina risasi, na kitanda kikae mpaka harufu iishe ndo alalie.

"Cha chuma hakiingii kunguni." Wanaingia, wanakaa kwenye maungio ya bomba na kwenye godoro lenyewe.

Halafu watu wakishapata kitanda wanasahau kwamba mtoto sasa anaweza kutoka mwenyewe usiku. Kile cha uzio kilikuwa kinamshikilia. Sasa anashuka, anazurura, na nyumba zetu zina ndoo ya maji chooni, kabati ambalo halijafungwa ukutani, tivii juu ya stuli. Ndoo ifunikwe au mlango wa choo ufungwe, mtoto mdogo anazama kwenye ndoo kichwa chini na hawezi kujitoa. Kabati piga skrubu ukutani, maana akivuta droo zote na kupanda linamuangukia. Kitanda kisikae chini ya dirisha, na kamba za pazia zikatwe fupi.

Kamba za neti vilevile. Ukija kuagiza niambie neti yako ni ya duara au ya pembe nne, ya pembe nne nakuwekea fito nne kwenye kona ili usihitaji kamba za kufunga kwenye nondo za dirisha, na inachomekwa chini ya godoro pande zote.