Liemba haikuzamishwa na Waingereza

Hapa Dar, ikitajwa Liemba, meli ya zamani ya Wajerumani ya Ziwa Tanganyika, utasikia Waingereza waliizamisha katika Vita Kuu ya Kwanza. Si kweli.

Walichofanya mwaka 1915 ni kuvusha boti mbili, zilizoitwa Mimi na Toutou, kwenye milima ya Kongo hadi Ziwa Tanganyika. Matrekta ya mvuke na ng'ombe ndio walioziburuta, lakini njia na madaraja vilijengwa na vibarua Waafrika, na sifa kubwa naona ni yao. Wajerumani hawakutarajia boti za kivita zitokee porini: Desemba 26 waliipoteza meli yao Kingani, Februari 1916 nyingine, Hedwig von Wissmann.

Goetzen, Liemba ya leo, iliyopitia bandari yetu vipande vipande, haikuzamishwa na boti hizo. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliipaka mitambo grisi isipate kutu, wakaizamisha makusudi. Iliopolewa mwaka 1924, injini zikiwa bado zinafaa.