MYPA ya Myllykoski: yanayodhaniwa na yaliyo kweli kuhusu klabu ya mji mdogo Ufini

Msomaji anayekutana kwa mara ya kwanza na habari kwamba timu fulani ya soka ya Ufini inacheza Ykkönen hudhani timu hiyo imo kileleni, kwa kuwa neno lenyewe lina maana ya "namba moja". Ukweli ni kwamba Ykkönen ni daraja la tatu. Juu kabisa ipo Veikkausliiga, ikifuatwa na Ykkösliiga iliyoundwa mwaka 2024 na kuisukuma Ykkönen ngazi moja chini. Hivyo Kakkonen, "namba mbili", ni daraja la nne, na Kolmonen, "namba tatu", ni la tano.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ile ya kwamba klabu ya madaraja ya chini haijawahi kuwa na lolote. Myllykosken Pallo, ambayo wengi huiita MYPA, iliasisiwa mwaka 1947 katika mji mdogo wa Myllykoski, kandokando ya mto Kymijoki, kusini-mashariki mwa nchi. Klabu hiyo ilitwaa Kombe la Ufini mwaka 1992, 1995 na 2004, kisha mwaka 2005 ikawa bingwa wa nchi. Jari Litmanen alipita hapo mwaka 1992 kabla ya kujiunga na Ajax, na Sami Hyypiä alicheza hapo kabla ya kwenda Uholanzi na hatimaye Liverpool. Mwaka uleule ambao MYPA ilishika ubingwa, Hyypiä naye alinyanyua kombe la mabingwa wa Ulaya jijini Istanbul.

Wapo pia wanaoamini kwamba MYPA ilishuka kwa sababu ilifungwa uwanjani. Sivyo. Kabla ya msimu wa 2015 klabu ilijiondoa Veikkausliiga yenyewe kwa kukosa fedha, na nafasi yake ikachukuliwa na Ilves ya Tampere. Baadaye ikarejea kucheza katika madaraja ya chini. Mji wenyewe ulikuwa umekwisha kupata pigo: kiwanda cha karatasi, kilichokuwapo tangu mwishoni mwa karne ya 19, kilifungwa Desemba 2011. Sitadai kwamba kufungwa huko peke yake ndiko kulikoiangusha timu, lakini mji unapopoteza mwajiri wake mkubwa, wafadhili na wanunuzi wa tiketi nao hupungua, na ni haki hilo likumbukwe kabla ya kuwalaumu wachezaji.

Wengine hudhani soka ya huko huchezwa kwenye theluji. Jibu ni fupi: ligi huchezwa takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba, na mwezi Juni jua huzama Myllykoski karibu saa tano usiku.

Mwisho ni dhana kwamba klabu za namna hii huendeshwa na waajiriwa. Wafini wana neno talkoot, ambalo kwetu ni msaragambo: watu hujitolea kazi bila ujira. Katika klabu nyingi ndogo za huko, mzazi wa mchezaji ndiye anayekata tiketi mlangoni, na mwingine husimama kwenye kibanda akichoma soseji, akizipaka haradali na kumimina kahawa kwenye vikombe vya karatasi, na mapato ya kibanda hicho huingia katika mfuko wa timu.