Swichi ya saa ya hita ya maji: soma ampea kabla ya bei

Birika la umeme la wati 2,000 huchemsha maji kwa dakika chache likazima. Hita ya maji yenye wati hizo hizo inaweza kuvuta umeme saa nzima au zaidi bila kupumzika. Muda huo mrefu ndio unaounguza swichi za saa, zile zinazowasha na kuzima hita kwa muda uliopangwa, zilizoonekana kufaa pale dukani. Vidole vya shaba ndani ya swichi hupata moto, plastiki inaanza kuwa ya kahawia, na wenye nyumba hushtuka pale wanaposikia harufu.

Anza na kibandiko kilicho ubavuni mwa hita. Tafuta wati, kisha gawa kwa volti 230. Hita ya wati 1,500 inavuta ampea 6.5, ya wati 2,000 inavuta 8.7, na ya wati 3,000 inavuta 13.

Angalia pia hizo wati zimepimwa kwa volti ngapi. Hita nyingi zinazoingia nchini zimeandikwa 220V. Hita ya wati 3,000 kwa volti 220 inavuta ampea 13.6, umeme wa mtaani kwenu ukipanda hadi 240, hita hiyo hiyo itavuta karibu ampea 15 na kufikia takriban wati 3,570. Hakuna kilichoharibika hapo, ndivyo koili inavyofanya kazi: volti zikipanda, ampea nazo zinapanda. Ndiyo maana hatushauri kununua swichi yenye ampea zilezile za hita. Mzigo usizidi asilimia 80 ya uwezo wa swichi. Kwa hiyo swichi ya ampea 16 inafaa hita ya wati 1,500 au 2,000, lakini ya wati 3,000 imeshavuka kipimo hicho.

Kwenye swichi yenyewe unaweza kukuta maandishi kama 16(2)A 250V. Namba ya kwanza ni ya vifaa vinavyopasha joto tu, kama hita na pasi. Ile iliyo kwenye mabano ni ya vifaa vyenye mota, kama pampu. Kwa hita unasoma 16. Ila kuna jambo ambalo muuzaji hatakuambia, pengine kwa sababu hata yeye hajaliangalia: swichi nyingi za kuchomeka ukutani zinaandikwa ampea 16 huku plagi yake ni ile ya miguu mitatu bapa tunayoitumia hapa, ambayo mwisho wake ni ampea 13. Soketi unayoichomeka nayo ni ya 13. Hiyo 16 iliyo kwenye boksi haikusaidii chochote. Binafsi nisingechomeka hita ya tangi kwenye soketi hata kidogo. Hita inatakiwa iwe na waya wake kutoka kwenye boksi la breka, breka yake, na swichi ya ampea 20 inayokata nyaya zote mbili, ile yenye kitaa chekundu.

Kwa hita kubwa, mwambie fundi afunge kontakta, yaani swichi nzito inayowashwa na kuzimwa kwa umeme. Swichi ya saa inakaa kwenye boksi la breka, na kazi yake inabaki kuiamrisha kontakta iwake au izime. Ampea za hita zinapita kwenye kontakta, si kwenye saa. Kontakta ya ampea 25 iliyoandikwa AC-1 au AC-7a (alama za mizigo ya kupasha joto) inaibeba hita ya wati 3,000 bila shida. Gharama inaongezeka, ni kweli, lakini saa itadumu.

Fundi akikwambia breka ya 20 inakatika hivyo aweke ya 32, mkatalie. Breka inalinda waya, na waya wa milimita za mraba 2.5 unaotumika kwenye hita nyingi hautakiwi kubeba ampea 32. Kinachotafutwa ni sababu ya kukatika. Hapo ndipo unapomwomba fundi leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, na asikasirike.

Vile vichwa vya bafuni vinavyopasha maji papo hapo havihitaji swichi ya saa. Vingi ni vya wati 5,500, karibu ampea 24, na havina tangi la kuhifadhi maji ya moto.

Sasa muda. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 22 hadi 60 kunakula takriban yuniti 2.2 za LUKU. Hita ya wati 1,500 itachukua saa moja na nusu. Maji yakiingia na nyuzi 15, kama yanavyoweza kuwa Njombe mwezi Julai, inakaribia saa moja na dakika 45. Ukioga saa 12 asubuhi, iwake saa 10 na nusu alfajiri, au mapema zaidi huko kwenye baridi. Saa hizi zinahesabu 0 hadi 24, kwa hiyo saa 10 na nusu ya alfajiri unaiweka 04:30. Tumekuta hita inayowaka saa 10 na nusu jioni kwa sababu mtu aliweka 16:30. Usipunguze muda hadi maji yabaki vuguvugu siku zote, maana bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, hustawi humo; thermostati (kidhibiti joto cha hita) iachwe kwenye nyuzi 60.

Swichi ya kuzunguka isiyo na betri husimama umeme ukikatika. Ukikatika kwa muda wa saa tatu, kuanzia hapo hita itachelewa kwa saa tatu kila siku hadi mtu airekebishe. Nunua yenye betri ya akiba.

Baada ya wiki ya kwanza, zima breka na mwite fundi akaze skrubu zote za swichi na kontakta. Nyaya za shaba hulegea kidogo zikipata moto na kupoa, na skrubu iliyolegea inaunguza hata swichi iliyochaguliwa vizuri.