Hapana, nauli ya kilomita 30 si moja ya kumi ya nauli ya kilomita 300

Jumapili iliyopita, kilioni Katuba, hapa Lubumbashi, mzee mmoja alitoa simu, akafungua kikokotoo, akagawa nauli ya safari ndefu kwa kilomita zake. Jibu akalizidisha kwa kilomita za stesheni ya kwanza, akapata pesa chini ya ile tuliyokuwa tunawatoza. Kisha akanigeuzia simu mbele ya watu wote: "Baba wa reli, ona mwenyewe. Miaka yote ile mlikuwa mnatuiba."

Nimekulia Makomeno, kati ya watoto wa mashemino, yaani wafanyakazi wa reli, na nimekaa nyuma ya gishe, dirisha la kukatia tiketi, miaka mingi. Neno hilo nimeambiwa na walimu, na mamama wa makaa, na padri mmoja. Sasa nimechoka, na ninaandika. Hesabu ya mzee ilikuwa sawa. Kosa liko kwenye wazo aliloanza nalo, kwamba biye, yaani tiketi, inapimwa kwa kilomita kama unga unavyopimwa kwa kilo.

Panda manseba, ile pikipiki ya abiria, kutoka soko la mtaa wetu wa Kenya hadi barabara ya pili, halafu mwambie dereva akupigie hesabu kwa mita. Hatakubali, na hakuna anayemwita mwizi. Kila mtu anaelewa kwamba ameacha nafasi yake kwenye foleni, amewasha moto, na atarudi bila mtu. Kwenye treni uelewa huo unapotea, sijui ni kwa sababu treni ni kubwa na haina uso wa mtu.

Tuanze na kuondoka, maana ndiko pesa zinakoishia. Chukua treni ya tani 500 inayokwenda kilomita 60 kwa saa. Mwendo huo peke yake umebeba karibu kilowati-saa 19. Ukiisimamisha, umeme wote ule unageuka joto kwenye breki, umekwisha. Ili iondoke tena lazima uulipe upya, na waya wa umeme, ambao Katanga tunao tangu 1952, hauulizi kama unakwenda kilomita tano au mia. Ongeza kwamba reli yetu ni ya njia moja: treni ikichelewa kwa sababu ya kusimama kwenye stesheni ndogo, ile inayoisubiri mbele ili zipishane, nayo inachelewa. Mtu wa gishe, karatasi ya biye, kontrola anayekagua biye, taa ya stesheni, hayo yote ni yaleyale kwa safari fupi na ndefu. Sitayarefusha.

Kwa hiyo vitabu vingi vya tarifu, yaani vya bei za reli, vina sehemu mbili: pesa ya kuingia na pesa ya kwenda. Tuseme, kwa mfano tu, kuingia ni franka 1,000 na kila kilomita ni franka 50. Mtu wa kilomita 10 analipa 1,500, yaani 150 kwa kilomita. Mtu wa kilomita 100 analipa 6,000, yaani 60 kwa kilomita. Hakuna aliyeibiwa. Wote wawili walilipa mlango uleule.

Hapa ndipo wajanja wanapoingia, na hawa wananichosha kuliko mzee wa Katuba. Wamesikia mahali kwamba "ukikata safari vipande viwili unalipa kidogo". Wengine wamesikia kinyume chake. Kila mmoja anaapa. Wandugu, jibu linategemea tarifu imejengwaje, na bila kusoma tarifu hamwezi kujua.

Kwenye mfano wangu, ukikata kilomita 100 kuwa vipande viwili vya 50, kila kimoja ni 3,500, jumla 7,000. Umelipa mlango mara mbili, umepoteza franka 1,000. India ni hivyohivyo: bei ya kilomita inashuka kadiri unavyokwenda mbali, hivyo biye moja ya njia nzima ni nafuu kuliko biye mbili. Juu ya hapo wana umbali wa chini wa kulipia. Kwenye mabehewa ya kulala, ukipanda kwa kilomita 40 unatozwa kana kwamba umekwenda mbali zaidi sana, kwa sababu kitanda ulichokichukua kingeweza kubeba mtu wa usiku mzima.

Vuka sasa hadi Tanzania. SGR, ile reli yao mpya ya kisasa, ilipoanza kubeba abiria 2024, nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na 31,000 hadi Dodoma. Gawa kwa umbali, yaani kama kilomita 190 na 440, utapata karibu shilingi 70 kwa kilomita pande zote mbili. Pale kikokotoo cha mzee wangu kinafanya kazi vizuri kabisa. Kukata vipande hakukuletei faida kubwa wala hasara kubwa, labda tofauti ndogo ya kufunga hesabu kwenye elfu.

Halafu kuna Uingereza, ambako mambo yamegeuka juu chini. Kule bei nyingi zimewekwa kwa jozi za stesheni, jozi kwa jozi, na si kwa kilomita. Jozi moja bei yake iliwekwa zamani ikabaki chini, nyingine iko kwenye njia ya watu wa ofisi ikapanda. Kwa hiyo biye ya A hadi B pamoja na ya B hadi C mara nyingi ni nafuu kuliko ya A hadi C, ingawa umekaa kiti kilekile bila kuinuka. Na sheria yao inaruhusu, ila treni lazima isimame pale B. Ikipita bila kusimama, biye zako mbili za kawaida hazikufai. Huko London kwenyewe, kutoka Leicester Square hadi Covent Garden chini ya ardhi ni chini ya mita 300. Unalipa sawa na mtu anayevuka eneo lote la katikati ya mji.

Na Japani? Karibu na Tokyo bei inahesabiwa kwa njia iliyo nafuu kati ya stesheni mbili, hata kama wewe umezunguka. Mtu ananunua biye ya stesheni jirani, anaenda upande wa pili, anazunguka mchana mzima kwenye mabehewa, anashukia stesheni jirani na hadaiwi kitu. Sharti ni kwamba asitoke njiani na asipite stesheni moja mara mbili. Mweleze mtu huyo kwamba biye ni kilomita!

Hata kilomita zenyewe si za kupimwa kwa mnyororo. Kuna kilomita za reli na kilomita za bei. Reli ya Konkan, huko India, imechimbwa kwenye milima kwa gharama kubwa, na kilomita za kulipia zimeongezwa kuliko za kweli. Kitabu cha tarifu ndicho ramani ya gishe.

Neno moja haraka juu ya kushuka mapema. "Nimewaachia kilomita zangu, mnidai nini?" Inategemea biye. Ya kawaida, mara nyingi hakuna shida. Ile nafuu ya kununua mapema, kwa Waingereza, ilikuuzia treni ile na stesheni ile. Ukishuka njiani unaweza kutozwa tofauti, kwa sababu biye ya ile safari fupi uliyoifanya inaweza kuwa ghali zaidi. Soma karatasi.

Sasa niseme kile ambacho sikukisema kilioni. Hoja ya umeme naiamini kabisa. Hoja ya kiti inanisumbua. Tuliwaambia mamama wa stesheni za karibu: unachukua kiti cha mtu anayekwenda mbali hadi Kamina, ndiyo maana unalipa hivi. Lakini kiti kinapotea tu kama stesheni ya mbele haijui kwamba kimeachwa. Kazini kwetu kulikuwa na kazi ya kupeleka mbele orodha ya viti vitakavyokuwa vitupu. Siku orodha ilipofika kwa wakati, tuliviuza tena vyote kabla treni haijaingia, na watu wakagombana dirishani. Siku ambayo haikufika, viti vilikwenda vitupu hadi usiku.

Siku zote mbili mama wa kilomita 30, na gunia lake la makaa, alilipa bei ileile. Nilimkatia biye mimi mwenyewe, na alipouliza kwa nini, nilimpa lile jibu la kiti.

Mzee wa Katuba ni mwana wa mmoja wa mamama hao. Alinieleza hayo wakati tunaondoka, simu ikiwa imeshazimwa.