Je, wajua kwa nini miezi sita ni kuchelewa kumfunga paka kizazi?

Kwa miaka mingi wenye paka waliambiwa jambo moja: mlete akifika miezi sita. Ni rahisi kulikumbuka, ila paka mwenyewe hana habari nalo. Jike anaweza kuingia joto, yaani kuanza kutaka dume, akiwa na miezi minne tu, meno ya utoto yanang'oka, mkia wake bado anaufukuza. Mimba ya paka huchukua siku 63 hadi 65 hivi. Piga hesabu: aliyeshika mimba akiwa na miezi minne, siku ya miadi ameshazaa au yu karibu kuzaa.

Na mimba yenyewe hainasi kwa kubahatisha. Wanyama wengi huachilia mayai kwa ratiba, dume awepo asiwepo. Paka jike husubiri. Kule kupandwa ndiko kunakouamsha ubongo utoe homoni ya kuyaachilia mayai, na uume wa dume umeota vijimiba vidogo vinavyokwaruza, vikiuzidisha msisimko huo. (Sasa unajua zile kelele za usiku.) Mayai hutoka mbegu zikiwa tayari zipo mwilini, hivyo dume akipata nafasi, mara nyingi mimba ipo. Asipopandwa, joto hupoa kwa siku kadhaa kisha hurudi, tena na tena. Usijifariji pia kwamba ulionao ni ndugu wa tumbo moja. Paka hajui kaka wala dada.

Basi lini? Madaktari wengi wa mifugo sasa wanasema kabla ya kutimiza miezi mitano, msimamo ambao chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kiliuunga mkono mwaka 2017. Makazi ya paka wasio na wenyewe huanza mapema zaidi, tangu wiki ya nane hivi, mradi mtoto ni mzima na amefikisha takriban kilo 1. Uzito una maana yake: mwili mdogo hupoteza joto upesi na sukari ya damu hushuka haraka, kwa hiyo mtoto hashindishwi njaa usiku kucha kama paka mkubwa, na wakati wa upasuaji hulazwa penye joto. Hayo yakizingatiwa, wadogo huinuka haraka kuliko wakubwa.

Kuna faida nyingine isiyosemwa vya kutosha. Uvimbe wa matiti kwa paka mara nyingi ni saratani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba jike aliyefungwa kizazi kabla ya miezi sita hatari yake ilipungua kwa asilimia 91, na kati ya miezi saba na kumi na miwili kwa asilimia 86. Baada ya miaka miwili hakukuwa na nafuu iliyoonekana.

Vipi kuhusu kumwacha azae kwanza, angalau mara moja? Hakuna faida ya kiafya inayojulikana. Hofu kwamba dume akihasiwa mdogo mrija wake wa mkojo utakuwa mwembamba nayo ilipimwa, tofauti haikuonekana. Mifupa hurefuka kidogo, basi. Hofu ninayoipa uzito ni ya unene, kwa sababu ni kweli: baada ya upasuaji mwili huhitaji chakula kidogo huku hamu ya kula ikizidi. Punguza kipimo mapema, usingoje tumbo lianze kuning'inia.

Aliyekwisha kuzaa naye asisahauliwe. Anaweza kushika mimba nyingine angali ananyonyesha, kwa hiyo abaki ndani hadi watoto waache ziwa, kisha apelekwe. Dume aliyehasiwa pia asiaminiwe siku hiyo hiyo: mbegu zilizosalia kwenye mirija zinaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa. Mtenge na majike kwa muda wa mwezi mzima.