Saa Unazosimama: Kujiandaa kwa Mbio za Baiskeli za Masafa Marefu

Mwaka 2016 Mike Hall wa Uingereza alimaliza Tour Divide kwa siku 13, saa 22 na dakika 51. Mbio hizo huanzia Banff, Kanada, na kuishia Antelope Wells, mpakani mwa Marekani na Mexico. Ni takriban kilomita 4,400, sehemu kubwa vumbi na changarawe, mlima juu ya mlima. Rekodi hiyo imeshavunjwa, lakini hesabu yake bado naitumia kila ninapomwandaa mtu. Gawanya kilomita kwa saa: unapata kama 13 kwa saa, ukijumlisha kulala, kula, kuziba pancha na kujisaidia. Kilomita 13 kwa saa ni mwendo wa watu wawili wanaoendesha huku wakipiga soga.

Watu hunijia wakiuliza wanunue fremu gani, na mimi huwarudisha kwenye hesabu. Anayeendesha saa 16 kwa siku kwa wastani wa kilomita 15 anapata 240. Akitaka kuongeza 15 nyingine ana njia mbili. Ama aongeze mwendo kwa karibu kilomita moja kila saa, saa zote 16, siku baada ya siku, na miguu inaweza kugoma siku ya nne. Ama apunguze saa moja ya kusimama. Na saa hiyo ipo: dakika tano anatafuta glavu, kumi anasimama dukani akitazama rafu bila kuamua, tatu anafungua begi kwa sababu hakumbuki simu ameiweka wapi. Maandalizi yangu karibu yote yanaifukuzia saa hiyo.

Mbio hizi hazina gari la msaada. Unachohitaji unakibeba, au unakinunua njiani mahali ambapo mshindani yeyote angeweza kununua. Ndiyo maana mpangilio wa mifuko ni jambo zito. Katika mbio zangu za kwanza, usiku wa pili, mvua ya baridi kali ilinikuta juu ya mlima, na koti la mvua lilikuwa chini kabisa ya begi la nyuma, chini ya mfuko wa kulalia. Nikatoa kitu kimoja kimoja gizani. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, kile kijichuma cha zipu hakishikiki, nikaivuta kwa meno. Nilipolivaa koti, nguo zangu za kulalia zilikuwa zimelowa chapachapa, na usiku ule sikulala.

Tangu hapo navigawa vitu kwa namna ninavyovifikia. Ninachochukua huku naendesha, yaani chakula, mafuta ya midomo na vidonge vya chumvi, kinakaa kwenye kifuko nyuma ya usukani. Ninachochukua nikiwa nimesimama mguu mmoja chini, yaani pampu, spana na koti la mvua, kinakaa kwenye begi la fremu, koti likiwa juu ya vyote. Begi la nyuma lina vitu vya kulalia tu, na halifunguliwi mpaka nalala. Kila zipu nimeifunga kipande cha kamba chenye urefu wa kidole, kinachoshikika hata kwa glavu iliyolowa. Kamba hiyo haina uzito wowote, na sijui kifaa kingine kilichonipa faida kubwa kuliko hiyo.

Ukishapakia, mwombe mtu asimame mita 50 nyuma yako usiku. Begi la nyuma huziba taa nyekundu, na koti refu huziba kilichobaki. Weka taa mbili, moja ikiwa chini kwenye fremu ambako hakuna kitu cha kuifunika, na uvae kitu kinachoakisi mwanga kifundoni, kwa sababu mguu unaopanda na kushuka humwambia dereva mara moja kwamba mbele yake kuna mtu. Mike Hall huyo huyo aligongwa na gari na kufariki tarehe 31 Machi 2017 karibu na Canberra, akiwa kwenye mbio za kuvuka Australia. Sehemu hii siipitii juujuu na mtu yeyote ninayemwandaa.

Umeme nao una hesabu yake. Dainamo ya kwenye kitovu cha gurudumu la mbele hutengenezwa kutoa wati 3 kwa volti 6, ila mwendo ukiwa mdogo haifiki hapo. Ukipanda mlima kwa kilomita 7 kwa saa, taa inafifia na simu haichaji. Kwa hiyo dainamo ichaji betri ya akiba mchana kwenye tambarare na miteremko, kisha betri ndiyo ilishe simu na kifaa cha GPS usiku. Betri iliyoandikwa 10,000 mAh ina kama saa-wati 37, na kwa kuwa sehemu hupotea njiani, simu ya kawaida itajaa mara mbili hivi. Beba nyaya mbili za kila aina. Waya huvunjika shingoni, pale unapoingia kwenye kifaa, na barabara mbovu huumaliza kwa siku chache.

Sasa mwili, ambako ndiko wengi huishia. Ninaowaona wakijitoa, mara nyingi miguu yao bado ina nguvu. Kinachowatoa ni pale wanapogusana na baiskeli: makalio, viganja, nyayo, na shingo inayobeba kichwa. Kidole cha mwisho na cha pete kikianza kufa ganzi, ujue mshipa wa fahamu unaopita ukingoni mwa kiganja unabanwa, na ganzi hiyo inaweza kukaa wiki kadhaa baada ya mbio. Pandisha usukani, funga utepe mnene zaidi, badilisha mshiko kila baada ya dakika chache. Shingo ni hatari zaidi. Katika Race Across America, mbio za kuvuka Marekani, kuna hali inayoitwa kwa jina la Michael Shermer, mmoja wa washiriki wake wa mwanzo: misuli ya nyuma ya shingo inachoka kiasi cha kushindwa kabisa kuinua kichwa. Nimemwona mtu akishikilia kidevu kwa mkono mmoja ili aone barabara. Usukani uliowekwa chini sana ili kukwepa upepo, juu yake kofia yenye taa nzito, siku baada ya siku, ndiyo njia ya kufika huko. Inua usukani sentimita mbili juu ya ulivyozoea kwa mbio fupi. Viatu chukua nusu saizi zaidi, maana miguu huvimba. Siti usiibadilishe ndani ya miezi miwili kabla ya mbio, hata kama rafiki yako anaisifia mpya vipi.

Kwenye matairi sina maneno mengi: mapana kadiri fremu inavyoruhusu, yasiyo na tyubu, yenye ute mpya wa kuziba ndani, na tyubu moja au mbili za akiba. Ongeza sindano na uzi imara wa kushonea tairi lililochanika ubavuni. Gia ya chini kabisa iwe nyepesi kuliko unavyodhani unahitaji. Na beba kile kipande kidogo kinachounganisha kibadilisha gia cha nyuma na fremu. Kila fremu ina cha kwake, na duka la njiani halitakuwa nacho.

Kuhusu usingizi natofautiana na wenzangu wengi. Wao hukesha usiku wa kwanza ili kupata mwanya. Mimi nalala kwa muda wa saa tatu au nne kila usiku tangu siku ya kwanza, kwa sababu mtu aliyechoka hurudi kwenye ile saa yangu: anakaa dukani nusu saa akishikilia chupa ya maji, hajui afanye nini nayo. Akianza kusinzia kwenye mteremko, hapo hatuzungumzii mbio tena.

Wiki tatu kabla ya kuanza, fanya jaribio moja. Ondoka jioni baada ya kazi ukiwa na mzigo wote, usiku utakaokuwa na mvua kama unaweza kuuchagua, uendeshe kilomita 300, ulale nje kwa muda wa saa mbili katikati. Beba saa yenye kuhesabu, uandike kila uliposimama na kwa nini. Ukirudi, tandaza vitu vyote sakafuni na utenge ambavyo hukuvigusa. Bakiza vya dharura tu: dawa, vipuri, blanketi la kuzuia baridi. Kisha pakia upya, zima taa ya chumba, vaa glavu, na umwambie mtu akutajie vitu: pampu, koti, waya. Mimi nawapa watu wangu sekunde 15 kwa kila kimoja, na hatuachi mpaka wavipate vyote.